Siku moja maishani mwangu: baba wa mayai, mwambani Wasini, pwani ya Kenya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaswali, chai ya rangi iko mkononi. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo leo ni bamvua. Saa nne maji yatakuwa yamekauka. Nahodha ananihimiza.

Saa mbili niko chini ya maji, mita nne, mbele ya anemoni namba 9, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri. Wenyeji wake ni wale samaki wa rangi ya machungwa wenye mstari mweupe mgongoni. Mama mwenye nyumba hayupo tangu juzi. Naumia, maana nimemfuatilia muda mrefu. Katika ukoo huu, mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ndiye dume lake, na wadogo hawazai kabisa. Ila aliacha mayai jiweni, chini ya ukingo wa anemoni, na leo ni siku ya saba. Dume anayapepea kwa mapezi ya ubavuni, anasita, analing'oa kwa mdomo moja lililokufa, anarudi kupepea. Mayai yalikuwa ya rangi ya machungwa. Sasa ndani yake namwona kila mtoto na macho yake ya fedha.

Wiki zijazo baba huyu atageuka jike, na mkubwa katika wale wadogo atakuwa dume.

Saa nane mchana, bandarini, napima samaki wa wavuvi. Pono na chewa wengi huenda kinyume: huanza majike, wakubwa hugeuka madume. Namwonyesha mzee mmoja pono wake wa kijani na buluu, dume pevu, kando ya wale wa kahawia.

“Mwanangu, si tuliambiwa tuache wadogo tu?”

“Ndiyo mzee, lakini tukimaliza wakubwa, majike watazaa na nani?”

“Basi tuwaache wangapi?”

Hilo ndilo swali lenyewe. Tulikaa juu ya ndoo tukilizungumza hadi adhana ya alasiri. Natamani kila mkutano wa wavuvi uanzie hapo.

Saa moja na nusu usiku narudi mwambani na tochi yenye mwanga mwekundu. Pono yuko ufani ndani ya mfuko wake wa ute, usingizi wa pono kweli. Kwenye jiwe, baba anapepea kwa nguvu ambayo asubuhi sikuiona. Mayai yanapasuka, na vitoto vyembamba kama nyuzi vinapanda juu, gizani.

Saa mbili na robo, mashuani, naandika: yameanguliwa. Kesho naanza kumpima baba upya.