Picha Mbili za Kongosho la Baba

Moshi, Alhamisi usiku

Leo Baba amepigwa siti skani ya pili. Wiki 2 nzima Mama amekuwa akimhesabia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwenye kisosi, vidonge 8 kila asubuhi, miligramu 40, na hampi mpaka bakuli la mtori liishe.

Macho ya Baba yalipogeuka manjano bila maumivu yoyote, na picha ya kwanza ikaonyesha kongosho lililovimba na kuubana mrija wa nyongo, nyumbani tulikwisha kusema ni saratani. Tulianza kuongea kwa kunong'ona. Daktari mmoja ndiye aliyesita. Alisema upo ugonjwa ambao kinga ya mwili hulishambulia kongosho lenyewe; Wajapani waliupa jina mwaka 1995, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba wagonjwa wengi wana kingamwili za IgG4 nyingi kwenye damu. Za Baba zilikuwa juu. Lakini hata baadhi ya wenye saratani huwa nazo juu. Kinyama kilichochukuliwa kwa sindano kwenye kongosho hakikuwa na saratani, ila sindano nayo hukosea mahali.

"Tumpe dawa, kisha tupige picha. Lisiposinyaa, hatungoji tena," alisema daktari.

Picha ya kwanza nusura tuikose. Kule tulikoipigia walitupa karatasi ya ripoti tu. Nilirudi na bodaboda kudai sidii yenye picha zenyewe, na mhudumu wa dirishani akaniuliza ya nini na ripoti ninayo. Ya kulinganisha leo! Ripoti ilisema "limevimba", basi.

Daktari ameziweka picha zote mbili sambamba. Ya zamani: kongosho nene, laini kama soseji, limezungushiwa utepe mwembamba wa kiza. Mpya: limepungua, utepe umefifia, na kwenye mkia kingo zimeanza kurudisha vifundo vifundo vyake, kama gunzi la hindi. Ndivyo kongosho lenye afya linavyokuwa, alisema. Nilimwomba anionyeshe tena. Akanionyesha tena, bila haraka, kwa ncha ya kalamu.

Mrija wa nyongo bado umebana kidogo. Sukari imepanda kwa sababu ya dawa, kwa hiyo Mama amempunguzia Baba ugali, naye amenuna. Dozi itashuka miligramu 5 kila baada ya wiki 1 au 2, na picha nyingine ni baada ya miezi 3, maana ugonjwa huu hupenda kurudi.

Mama ameandika tarehe ya leo juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu. Sidii zote mbili ziko kabatini, chini ya vitenge vyake.