Miaka kumi nje ya leba

Siku niliyorudi kazini, Machi 2024, niliamka saa tisa usiku nikapiga pasi gauni jeupe mara mbili. Lilinibana mabegani. Mwanangu wa mwisho aliamka akanikuta nimesimama mbele ya kioo, akauliza, "Mama, unakwenda wapi?" Ana miaka kumi na hakuwahi kuniona nimevaa hivyo.

Niliacha ukunga 2014, yeye akiwa na miezi minne na mama yangu amepata kiharusi upande wa kulia. Mabinti tuko wawili, mwenzangu ameolewa Songea, na kutoka Tanga hadi Songea si mwendo wa kwenda na kurudi kila wiki. Nikabaki mimi. Kwa miaka saba nilimgeuza mama kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na hadi anafariki hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni. Watu wakiniuliza kwa nini nilikaa bila kazi, huwa nawaeleza hilo la kidonda, kwa sababu muuguzi mwenzangu analielewa.

Miaka mitatu iliyofuata haikuwa tena ya kumuuguza mama. Ilikuwa woga. Nilikuwa nauza vitenge na kila nikipita nje ya kituo cha afya nageuza uso.

Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilikuwa imelala. Kuihuisha kulitaka malipo, mafunzo na subira. Kama na wewe umekaa nyumbani, nenda ukaulize Baraza lenyewe, usitegemee ya kuambiwa na jirani. Mganga mfawidhi wa kituo kimoja alinikubalia nianze kwa kujitolea, chini ya usimamizi wa mkunga aliyemaliza chuo 2019. Binti mdogo kabisa. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nami nikaitika marahaba, na kabla saa haijaisha akawa amenisahihisha.

Nilikuwa nimempima njia mzazi mmoja, nikasema mlango wa kizazi umefunguka sentimita nne, nikavuta patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, nianze kuchora. Akasema kwa sauti ya chini, mzazi asisikie, "Mama, samahani, tumsubiri kwanza." Nje ya chumba akanionesha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020: uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita tano, na ile sheria tuliyokariri ya sentimita moja kila saa si lazima kwa kila mwanamke. Nilikaa kwenye benchi. Nilikumbuka kina mama tuliowatundikia dripu ya uchungu kwa sababu mstari wao kwenye patografu umevuka mstari wa tahadhari, na wengine pengine walikuwa wanahitaji muda tu na mtu wa kuwashika mkono.

Na kitovu pia. Zamani mtoto akitoka mkono wangu mwingine tayari una mkasi. Sasa, mtoto akiwa analia vizuri, namweka kifuani kwa mama yake na kusubiri dakika moja hadi tatu, ili damu iliyo upande wa kondo imfikie. Hili nililipokea haraka. Kusubiri nilishajifunza nyumbani.

Lililonilaza macho ni damu.

Sisi tulikadiria kwa macho. Kanga mbili zimelowa, andika mililita mia tatu. Nilijiamini kwenye jambo hili kuliko jambo lolote, maana nilikuwa nimezalisha wanawake wengi. Mwezi wangu wa pili kituoni, mzazi wa mimba ya tatu alijifungua vizuri, kondo likatoka lote, nikatazama nikasema moyoni: mia tatu, hana tatizo. Chini yake kulikuwa na karatasi la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Binti akainama akasoma: mia sita.

Hakungoja. Aliita msaada, akanikabidhi tumbo la uzazi nilisugue, mwingine akatoa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, mwingine akafungua mshipa na kumpa maji pamoja na traneksamiki asidi gramu moja, dawa ya kusaidia damu kuganda, yeye mwenyewe akachunguza kama njia imechanika. Yote kwa mkupuo. Sisi tulifundishwa kujaribu kimoja, tuone, ndipo kingine, na damu haikungojei uone. Baada ya muda mfupi tumbo likawa gumu kama ndimu chini ya kiganja changu. Mzazi akaomba chai.

Baadaye nilisoma habari za utafiti wa njia hiyo, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kutangazwa 2023. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Sikushangaa. Nilikuwa nimeuona ule mfuko.

Usiku ule nilimfikiria mwanamke wa 2012. Nilimwandikia mia tatu. Saa moja baadaye presha imeshuka, midomo imekuwa myeupe, tukamkimbiza hospitali kubwa na ndugu zake wakachangia damu. Alipona. Nilijieleza miaka yote kwamba hali ilimbadilikia ghafla. Leo najua haikubadilika ghafla. Nilikuwa nimesimama pale natazama na sikuona. Kwenye rejista ya MTUHA, daftari la kumbukumbu za kituo, ya mwaka ule bado imo ile mia tatu, kwa mwandiko wangu.

Sasa kila ninayemzalisha, nasoma kipimo kwa sauti kila baada ya dakika 15, hata kama niko na mzazi peke yetu, na yeye anasikia. Wengine huuliza, "Hiyo ni nyingi, nesi?" Nawajibu ukweli.

Kesho naingia zamu ya usiku. Mifuko imebaki minne kabatini. Oda nimeandika tangu Jumatano, na asubuhi nitapita stoo mwenyewe kabla sijalala.