Ulikuwa Wapi, Yesu Mwema?

Wapendwa, juma hili tutafakari mbele ya picha. Ni moja ya mbao za altare, yaani mbao zenye picha zilizosimamishwa juu ya altare, zinazofunguliwa na kufungwa kama milango, iliyochorwa na mchoraji Mjerumani Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim. Sasa iko Colmar, Ufaransa. Watawa hao waliwauguza watu wenye "moto wa Mtakatifu Antoni", ugonjwa uliotokana na mkate wa nafaka yenye kuvu. Mwili uliwaka, viungo vikaoza, wengine wakakatwa miguu. Wagonjwa hao ndio walioomba mbele ya altare hii.

Na ubao huu unatisha. Antoni, mtawa wa kale wa jangwa la Misri, anashambuliwa na mapepo, ameangushwa chali. Zimwi linamburuta kwa nywele, jingine lenye mdomo wa ndege limeinua rungu, jingine linamng'ata mkono. Nyumba nyuma yake imebaki mihimili. Pembeni yupo kiumbe mwenye tumbo lililovimba, majipu mwili mzima, vidole vya miguu vimeungana kwa utando. Wapo wanaomhesabu kuwa pepo. Mimi namwona mgonjwa, amechorwa ili wenzake wajue kwamba mateso yao yamepewa nafasi kanisani.

Mungu yumo pia, lakini juu kabisa, mdogo, ndani ya mwanga wa dhahabu. Ukitazama harakaharaka humwoni. Anayeteswa anaujua umbali huo.

Chini kulia kuna karatasi iliyoandikwa kwa Kilatini: "Ulikuwa wapi, Yesu mwema, ulikuwa wapi? Mbona hukuwapo uniponye majeraha yangu?" Sisi tunaotembelea wagonjwa huwa tunayakatiza maneno kama hayo, tukiogopa kufuru. Hapa yamewekwa altareni. Daudi naye aliomba hivyo: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Na huyu mwenye majeraha, katikati ya lawama, bado anamwita Yesu mwema.

Askofu Athanasi, aliyeandika maisha ya Antoni, asema Antoni alijibiwa kwamba Bwana alikuwapo muda wote, akingoja kuona pambano lake. Ni jibu gumu, wala sitalilainisha. Ila altare hiyo ikifungwa, mbele huonekana Yesu msalabani, ngozi imejaa vidonda na miiba, mwili uliofanana na miili ya wale waliomtazama. Naye pia, asema Marko, alilia akiuliza mbona ameachwa.

Zaburi yetu ya juma hili ni ya 13. Tuisome yote, aya zote sita, tukiwataja wagonjwa wetu kwa majina.