Pesa ya mafunzo inafuata peslipi, na mchimbaji hana peslipi

Wale mnafanya kazi ya kutayarisha mishahara hapa Kenya mnajua vile wiki ya kwanza ya mwezi inakuwanga, tarehe 9 inakukimbiza upeleke pesa za serikali, PAYE ya kodi, NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu, pesa ya nyumba, na huko chini kabisa kuna kale kashilingi 50 ka NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ambako hakuna mtu hukaulizia. Ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi na haikatwi kwa mshahara wako, mwajiri ndiye anaitoa kwa mfuko wake. Kazi yake ni mafunzo ya watu walio kazini, na mwajiri akipeleka watu wake kwa mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama. Mpango mzuri, sina neno. Shida ni kwamba inahesabiwa kwa vichwa vilivyo kwa peslipi, kama huna peslipi wewe kwa huo mfuko hauko.

Sasa niambie, kati ya watu wote ambao kazi yao inaweza kuwaua kabla ya chai ya saa nne hapa Kenya, ni wangapi wana peslipi?

Na nikisema uchimbaji usifikirie dhahabu ya Migori na Kakamega peke yake. Toka tu hapa Nairobi, enda Mlolongo, Katani, Njiru, ama Juja upande wa Ndarugo, ni mashimo ya mawe kila mahali, hizi ghorofa zote za Pipeline na Githurai zimejengwa na mawe kutoka huko. Kwa ploti yetu kuna mzee amefanya kwari miaka mingi, na juzi tukiwa tumekaa pale nje tukingoja maji ya mferiji nikamuuliza, mzee, kwani nyinyi huko mlifundishwa na nani?

"Kufundishwa nini kijana wangu? Hiyo mashine inakufundisha yenyewe." Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kinaishia kwa kiungo cha kwanza.

Kama hujawahi kuona hizo mashine, ni msumeno wa duara mkubwa unatembea juu ya reli, unapasua mwamba kwenda chini, halafu kuna mtu anakuja nyuma na mtaimbo anang'oa mawe moja moja anayapanga. Vumbi inatoka nyeupe kama unga, mtu akifika nyumbani jioni mpaka kope ni nyeupe. Kinga yao ni kitambaa wamefunga puani, mara nyingi ni mkono wa tishati ya zamani. Na vumbi ya mawe si vumbi ya barabara, iko na silika, ile laini kabisa yenye huoni kwa macho ndiyo inaingia mpaka ndani ya mapafu inakaa huko, mapafu yanafanya makovu na hayo makovu hayarudi nyuma, hata ukiacha kazi. Halafu mtu mwenye mapafu ya hivyo TB inampata kwa urahisi. Mzee anakohoa, anasema ni baridi ya Juni. Sikubishana naye.

Nikamuuliza, wakileta mafunzo ya bure, siku moja tu, utaenda? Akanicheka. Yeye analipwa kwa jiwe. Hakuna jiwe hakuna pesa. "Hiyo siku watoto watakula cheti?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike hii kitu, juu nilikuwa nimesoma vile Marekani walilijibu na walilijibu mwaka wa 1977. Sheria yao ya usalama wa migodi ya mwaka huo, kifungu cha 115, inasema mchimbaji lazima afundishwe, saa zisizopungua 40 kwa mgeni anayeingia mgodi wa chini ya ardhi, saa 24 kwa anayefanya kazi juu kama hizi kwari, na kila mwaka saa 8 za kukumbushwa. Hiyo ni kawaida, sheria zote husema mtu afundishwe. Kile kilinishtua ni mstari unaofuata: mafunzo yafanyike saa za kazi, na mtu alipwe mshahara wake wa kawaida akiwa kwa mafunzo. Yaani siku ya darasa ni siku ya kazi. Halafu kifungu cha 503 kikaleta pesa ya serikali kuu kwa majimbo ili yasaidie kufundisha, serikali kuu inatoa hadi asilimia 80 na jimbo linajazia iliyobaki. Miaka ya karibuni huo mfuko umekuwa karibu dola milioni 10.5 kwa mwaka, unaenda kwa majimbo mengi na pia kwa taifa la Navajo, wenyeji wa asili wa huko. Kwa nchi kubwa hivyo hiyo ni pesa ndogo sana, lakini ile kwari ya mtu na mtoto wake na wafanyakazi watano haina idara ya usalama, haina hata ofisi, ndiyo inafaidika, mwalimu wa chuo cha jimbo anakuja kuwafundisha bure ama kwa bei ya chini.

Lakini usidhani walifika hapo juu ya roho safi. Mwaka wa 1907 peke yake migodi ya makaa ya mawe ya Marekani iliua watu 3,242, mgodi mmoja wa Monongah kule West Virginia uliua 362 kwa siku moja. Mwaka wa 1968 Farmington, hilo hilo jimbo, 78 wakafa ndipo bunge likapitisha sheria kali ya makaa ya mawe 1969. 1972 Sunshine kule Idaho, mgodi wa fedha, watu 91, moshi ndio uliwamaliza. Kila sheria yao ukichimbua chini utapata makaburi. Mwaka wa 2023 migodi yao yote iliua watu 40, na hiyo ilionekana ni mwaka mbaya. Siwezi kusema ni mafunzo peke yake yalifanya kazi, kuna mashine, kuna wakaguzi wa serikali ambao lazima waingie kila mgodi wa chini ya ardhi mara nne kwa mwaka, wachimbaji pia wamepungua sana.

Kuna mfuko mwingine wao mdogo ambao hata jina lake ni la misiba miwili, Brookwood-Sago. Brookwood ni Alabama, Septemba 2001, mlipuko wa kwanza ukaumiza watu, wenzao wakakimbia ndani kuwaokoa na mlipuko wa pili ukawapata huko, jumla wakafa 13. Sago ni West Virginia, Januari 2006, 12 wakafa na mmoja akatoka hai. Baadaye mwaka huo huo bunge likapitisha sheria mpya na ndani yake huu mfuko wa kulipia mafunzo, hasa ya dharura, mtu akiwa chini ya ardhi na hewa imeharibika afanye nini.

Kwa hii Sago kuna kitu kidogo ambacho sijaacha kukifikiria. Wachimbaji walikuwa na vile vifaa vya kupumulia, unavaa mdomoni vinakupa hewa safi ya kutosha kama saa moja. Sasa hicho kifaa kikifanya kazi kinapata moto, na hewa inavutika kwa shida. Mtu ambaye hajawahi kukivaa anaona kinamchoma koo na hewa haitoki vizuri, anafikiri kimeharibika, anakitoa. Akikitoa anavuta ile hewa ya sumu. Kwa hivyo baada ya 2006 wakaweka mafunzo ya kila mwaka ambapo mtu anapumua kupitia kifaa cha mazoezi kilichotengenezwa makusudi kiwe na joto na kiwe kigumu kuvuta, ili siku ya kweli ikifika ajue hii tabu ni kawaida, kaa nacho. Hiyo huwezi kumfundisha mtu na bango ukutani. Inataka kifaa, inataka mwalimu, inataka mtu aachie kazi saa kadhaa, na zote tatu ni pesa.

Na bado kuna ujanja wa bajeti ambao Mkenya yeyote ataelewa bila kuelezewa. Hiyo sheria ya 1977 ilikuwa inashika kila mtu, hata machimbo ya mawe, mchanga na kokoto. Wenye machimbo wakalalamika. Bunge halikubadilisha sheria, zii, lilifanya kitu kimya kimya zaidi, kuanzia bajeti ya mwaka wa 1980 likaandika kwamba hakuna pesa ya serikali itatumika kulazimisha mafunzo kwa hayo machimbo. Sheria iko, kifungu kiko, lakini anayetakiwa kuisimamia amekatazwa kutumia hata senti moja. Ilikaa hivo karibu miaka 20, mpaka 1999 ndio wakaandika kanuni mpya iliyoanza kazi Oktoba 2000. Miaka 20 watu wa kwari, hao hao wanaofanana na mzee wetu, wako ndani ya sheria lakini nje ya bajeti.

Sisi tuko hapo hapo. Sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 inamwambia mwajiri awape watu wake maelezo, mafunzo na usimamizi, na ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi uwe na kamati ya usalama. Sheria ya madini ya 2016 ikamtambua mchimbaji mdogo, kabla ya hapo alikuwa kama mwizi tu kwa shamba lake mwenyewe, ikasema kila kaunti iwe na kamati ya hao wachimbaji wadogo. Ukisoma unafurahi. Halafu unauliza mwajiri wa mtu wa shimo la dhahabu la Nyatike kule Migori ni nani? Mwenye shamba ana fungu lake, mwenye pampu ana lake, wale wanaingia chini wanagawana mifuko ya mawe, hakuna mtu hapo ambaye ukimwambia wewe ndiye mwajiri atakubali. Hakuna mwajiri, hakuna shilingi 50, hakuna kamati.

Kwa hivyo pesa yetu inakuja baadaye. Desemba 2021 shimo la dhahabu la Abimbo kule Bondo likafunika watu, na familia zikakaa juu ya shimo wiki nzima na zaidi. Ghafla kuna magari ya serikali, kuna greda, kuna mafuta ya hizo greda, kuna wakubwa wamevaa helmeti mpya kabisa bado ina alama ya bei. Mei 2024 ikawa mgodi wa dhahabu wa Hillo, kule Dabel Marsabit karibu na mpaka wa Ethiopia, watano wakafa, serikali ikatangaza kufunga. Kufunga ni bei rahisi kwa bajeti, ni tangazo tu na polisi, na watu wenye njaa huwa wanarudi usiku ambako ni hatari zaidi. Ukichukua mafuta ya greda ya msiba mmoja ungeweza kulipia watu wangapi siku moja ya kujifunza kuweka miti ya kushikilia kuta, ama kwa nini jenereta haishushwi ndani ya shimo hata kama maji yamejaa, ile gesi ya sumu iliyo kwa moshi wake haina harufu ya kukuonya.

Sisemi hakuna kinachofanyika, mradi wa planetGOLD umefanya kazi na wachimbaji wa dhahabu hapa Kenya kupunguza zebaki, ile sumu wanakamatia dhahabu, lakini huo ni pesa ya wafadhili, na wafadhili wana tarehe ya kuondoka. Na zile zetu za serikali tunazijua, semina hoteli ya Naivasha siku tatu, alawansi ni ya maafisa, mchimbaji akiletwa anapewa soda, kofia na kiti cha nyuma cha kupigwa picha.

Mimi naona tusianze na mwalimu. Walimu wako. Tuanze na siku ya mtu. Afisa akienda semina analipwa alawansi na mshahara wake uko pale pale, kwa nini mtu wa kwari ndiye aambiwe mafunzo ni bure kana kwamba siku yake haina bei? Mlipe siku yake kwa M-Pesa hapo hapo akimaliza, kiwango cha siku ya kawaida, uone kama hatakuja. Na pesa si kwamba haiko kabisa. Hiyo sheria ya madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani ile pesa mwenye leseni ya mgodi hulipa serikali kwa madini anayotoa, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali. Ile 20 ya kaunti hata kipande chake kidogo kikitengewa hii kitu, kwa zile kaunti zinapokea, ni mwanzo. Na NITA pia, sheria ikibadilishwa kidogo mfuko uruhusiwe kufundisha watu walio kwa chama ama ushirika badala ya kungoja mwajiri ambaye hayuko, mimi nitaendelea kulipa hiyo 50 bila kunung'unika.

Sasa kwa wale mko Machakos, Kiambu, Migori, Kakamega, Siaya: mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na katikati hapo kuna ile mikutano ya maoni ya wananchi ambayo wengi tunaendaga tukisikia kuna chakula. Ukienda usiseme "tunaomba usalama", karani ataandika na itapotelea huko. Sema mstari uandikwe kwa jina lake, mafunzo ya usalama kwa wachimbaji, na chini yake malipo ya siku ya mchimbaji, watu kadhaa, siku kadhaa, shilingi kadhaa. Halafu makadirio yakitoka omba nakala uangalie kama huo mstari bado uko.