Leo Mwezi Ngapi?

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiogelea hapa Nairobi kabla ya kwenda kazini, katika bwawa la mita 25 ambalo maji yake huwa baridi sana mwezi wa Julai. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, na yote niliyoyajua kuhusu maji nilifundishwa na bwawa hilo: mstari mweusi ulio sakafuni, ukuta unaokungoja mwisho wa kila mzunguko, na kocha anayesimama juu yako akiwa na saa mkononi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili kamili, na maji huwa pale pale yalipoachwa jana jioni. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa bara waliojifunza bwawani na sasa wanatamani kuogelea baharini alfajiri, kwa sababu jambo lililonikuta katika ufuko wa Diani, kusini mwa Mombasa, mwishoni mwa Februari halikuhusiana kabisa na uhodari wa mikono wala miguu.

Nilikulia katika nyumba ambamo bahari haikutajwa kama mahali pa kujiburudisha. Kwa mama yangu, bahari ilikuwa ni ile feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, karibu kabisa na nchi kavu, ikaua watu zaidi ya 270. Hata leo, nikimuaga naenda Pwani, swali lake la kwanza ni kama nitavuka kwa feri ya Likoni, nami humwambia ukweli kwamba nitavuka. Hofu yake naiheshimu, na nadhani ndiyo iliyonipeleka kwa kocha hapo mwanzo.

Tulisafiri wawili, mimi na mwenzangu tunayefanya naye mazoezi, kwa treni ya usiku kutoka Syokimau. Ijumaa tulipumzika, na Jumamosi saa kumi na mbili na robo tulikuwa tumesimama mchangani, kila mmoja amejipaka mafuta mazito shingoni na kwapani ili chumvi isimchubue, na amejifunga kiunoni boya la rangi ya machungwa ambalo mwogeleaji hulikokota nyuma yake ili aonekane na vyombo. Jua lilikuwa halijachomoza ila anga ilikuwa imekwisha kupauka. Kati ya ufuko na mwamba wa matumbawe ulio mbele yake bahari ilikuwa shwari, na kwa mbali, pale mawimbi yanapopasuka juu ya mwamba wenyewe, tulisikia mngurumo usiokoma. Nilitazama utulivu ule nikaona hakuna la kumuuliza mtu.

Tuliingia, tukaelekea kaskazini sambamba na ufuko. Kwa anayetoka Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa takribani mita 1,700, dakika za mwanzo ni za furaha tupu: hewa ni nzito, pumzi inatosha na kubaki, maji yana joto la kukukaribisha, na chumvi, ambayo ni kama gramu 35 katika kila lita, inakuinua kiasi kwamba miguu haizami hata ukiisahau. Niliogelea nikijihisi mwepesi na mwenye nguvu. Baharini hakuna mstari mweusi, kwa hiyo kila baada ya mapigo manane hivi ya mikono inakubidi uinue macho kidogo juu ya maji, kama afanyavyo mamba, utafute alama uliyoichagua. Yangu ilikuwa paa la makuti lililokuwa kando ya mnazi ulioinama. Mara ya kwanza nililiona mbele yangu kwa upande wa kushoto. Mara ya sita nililiona pale pale, ila lilikuwa dogo zaidi.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nikikiona. Nilikuwa nikiogelea kwenda kaskazini, lakini maji yalikuwa yakinipeleka mashariki, kuelekea mwambani. Chini yangu nyasi za bahari zilikuwa zimelala zote upande mmoja, majani yakielekea nje, mithili ya nywele zilizochanwa, na hilo ningeliona tangu mwanzo kama ningejua kwamba ni jambo la kutazamwa. Nilimwita mwenzangu, tukashikilia maboya yetu na kupumua. Tulikumbuka alichotufundisha kocha, kwamba mkondo haupigwi vita kwa kuogelea dhidi yake, bali unakatwa kwa ubavu mpaka utoke ndani yake. Tukafanya hivyo, polepole, kwa mshazari kuelekea nchi kavu. Ngalawa moja iliyokuwa ikitoka kwenda kuvua ilipunguza mwendo na kukaa karibu nasi bila nahodha wake kusema neno, mpaka alipoona tumefika penye maji ya kifuani. Sikuomba msaada wala hakujigamba kuutoa. Alitungoja tu, na kule kungojwa sijakusahau.

Tulimkuta mchangani saa nne, aliporudi kuuza samaki. Maji yalikuwa yamekimbia mbali sana, na pale tulipokuwa tumeogelea watoto walikuwa wakitembea wakiokota kombe.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Mwatoka wapi?"

"Nairobi."

"Leo mwezi ngapi?"

Nikamjibu kwamba ni mwezi wa pili. Akanitazama kwa upole, akaelekeza kidole juu. "Mwezi wa mbinguni, mwanangu. Leo mwezi kumi na tano. Haya ni maji ya bamvua, nanyi mliingia yakitoka."

Mimi ni mtu wa kalenda ya ukutani, na ilinibidi nikae chini mchangani ili anieleze. Wavuvi wa huko huhesabu siku tangu mwezi uandame, kama zinavyohesabiwa siku za mfungo, na kwa hesabu hiyo peke yake wanajua maji yatajaa saa ngapi na kwa nguvu gani. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kwa dakika kama 50, ndiyo maana kila siku saa ya kujaa husogea mbele. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hilo ndilo bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, kwa tofauti inayoweza kuzidi mita 3 katika pwani yetu. Katikati ya nyakati hizo, mwezi unapokuwa nusu, ndipo panapokuwa na maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana.

Alichoniambia baadaye ndicho ninachotaka kila mwogeleaji wa bara akiweke moyoni. Siku za bamvua, katika sehemu ile ya pwani, maji hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na nusu alfajiri. Kwa hiyo mgeni anayeingia saa kumi na mbili na robo ili alipokee jua anaingia maji yakiwa yamekuwa yakitoka kwa muda wa karibu saa mbili, na yakiwa yanakaribia kasi yake kubwa, kwani maji hayatoki kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hutoka kidogo, na katika saa ya tatu na ya nne hutoka nusu nzima. Maji yote yaliyomo kati ya ufuko na mwamba hayana pa kupitia ila juu ya mwamba, hadi utakapoanza kuchomoza, na katika milango yake, yaani mapengo yaliyo katikati ya mwamba. Kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyosongamana milangoni. Akatuonya pia tusikaribie upande wa kaskazini kabisa, mto Mwachema unapoingia baharini karibu na msikiti wa kale wa Kongo, maana huko maji ya mto na maji ya bahari hutoka pamoja.

"Njooni mwezi kumi na saba," akasema. "Maji yatakuwa yamesimama."

Mwezi kumi na saba ilikuwa Jumatatu, na kufikia siku hiyo saa ya kujaa ingekuwa imesogea hadi karibu saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpigia simu mkuu wangu wa kazi nikaomba siku moja ya likizo, na sikumficha sababu.

Jumatatu ile tulifika mchangani mapema zaidi, tukatazama kabla ya kugusa maji. Mawimbi madogo yalikuwa yamefika karibu na mizizi ya minazi, yakiacha mstari mwembamba wa povu na mwani, na kwa dakika kumi na tano mstari huo haukusogea mbele wala nyuma. Nilitupa kijiti nikakiona kinaelea palepale. Ndipo tukaingia. Nilipozamisha uso jambo la kwanza nililolitafuta lilikuwa nyasi, nikaziona zimesimama wima, zikiyumba kidogo huku na huku bila kuelekea popote. Katikati yake kiti cha pweza chekundu, kile kiumbe cha umbo la nyota, kilikuwa kimetandaza mikono yake mitano mchangani, na kundi la samaki aina ya tasi lilikuwa likila majani bila kujali vivuli vyetu vinavyopita juu.

Jua lilichomoza tukiwa katikati ya safari. Anayeogelea kuelekea kaskazini huwa na mashariki upande wa kulia, na mimi nimezoea kuvuta pumzi kuliani, basi kila nilipogeuza kichwa mwanga ulinijaa machoni nisione kitu. Ilinibidi nipumulie kushoto, upande wangu dhaifu ambao bwawani niliuepuka kwa miaka minne, na huko kushoto ndiko nilikouona ufuko mzima ukigeuka rangi: minazi kwanza, kisha kuta nyeupe, kisha mchanga wenyewe. Paa la makuti lilikuja, likawa sambamba nami, likabaki nyuma. Tuligeuka kabla ya kuukaribia mto, na wakati wa kurudi jua lilikuwa kushotoni na nchi kavu kuliani, nikaogelea kwa upande wangu wa nguvu mpaka mwisho. Tulikwenda kama kilomita moja na nusu kwa dakika 38. Bwawani huwa naenda kasi zaidi, lakini sikumbuki siku yoyote ya bwawani kwa undani kama ninavyoikumbuka hiyo.

Kuna mengine ambayo mwogeleaji wa bara anapaswa kuyajua, nayo nitayataja upesi. Asiingie peke yake. Avae viatu vyepesi pale penye mawe, kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha mapangoni. Akiona yavuyavu, wale viumbe laini wanaowasha, asiwaguse, hata waliokufa mchangani. Na achague msimu: kaskazi, upepo utokao kaskazini, inapoelekea kwisha, Februari na Machi, bahari huwa tulivu na maji huwa safi, ilhali miezi ya kusi, upepo utokao kusini, hasa Juni na Julai, upepo huo huchafua bahari na ufuko hujaa mwani.

Nimerudi Nairobi. Bwawa bado linafunguliwa saa kumi na mbili, nami nafika kwa wakati, ila sasa nusu ya kila mzunguko napumulia kushoto, na kocha ameshaacha kuniuliza kwa nini. Jana magharibi nilipanda juu ya paa la jengo letu, mahali tunapoanika nguo, nikautafuta mwezi juu ya matangi ya maji. Ulikuwa mwembamba, siku ya pili au ya tatu. Nimehesabu kwa vidole: mwezi kumi na saba utaangukia Jumapili, na tikiti mbili za treni ya Ijumaa usiku nimekwisha kuzilipia.