Pumzi ya Siku ya Saba

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Juzi usiku niliketi mezani kuandaa tafakari ya wiki hii, baada ya kutoka kazini, kukaa kwenye kikao cha kamati na kumjulia hali mgonjwa mmoja. Asubuhi nilipolifungua daftari nilikuta sentensi moja imeandikwa mara mbili, na chini yake neno "neema" limekatikia kwenye herufi ya tatu, ambapo wino uliteremka kama njia ya konokono hadi ukingoni mwa karatasi. Nilikuwa nimesinzia na kalamu mkononi. Usingizi wenyewe haukunitia haya. Kilichonitia haya ni ile sentensi iliyojirudia, kwa kuwa ilisema kwamba Mungu hutupa raha bure. Nilikuwa nawaandikia wenzangu habari za raha huku mwenyewe nikijinyima, na tena nikijihesabia utumishi. Karatasi ile sikuichana. Nimeiacha daftarini, na haya mnayoyasoma nimeyaandika upya mchana.

Katika Kiswahili chetu, kupumzika kumetokana na pumzi. Anayepumzika ni mtu aliyerudishiwa pumzi yake, na hilo linatusaidia kuisoma Kutoka 31:17, mahali panaposimuliwa kwamba Bwana aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, kisha siku ya saba akastarehe na kupumzika. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika mwishoni mwa aya hiyo kina asili moja na neno linalotaja nafsi, uhai na pumzi, na katika Agano la Kale lote kinaonekana mara tatu tu. Mara ya kwanza ni Kutoka 23:12, kinapotajwa pumziko la mwana wa mjakazi na mgeni. Mara ya pili ni hapa, anapotajwa Mungu mwenyewe. Mara ya tatu ni 2 Samweli 16:14, pale Daudi anapofika amechoka pamoja na watu wake, akimkimbia Absalomu mwanawe, na vumbi na mawe ya Shimei bado yako mwilini mwake. Mtoto wa mjakazi, mfalme mkimbizi na Muumba wa mbingu na nchi wamekutanishwa na neno moja. Tukumbuke kwamba Isaya 40:28 inatuambia kuwa Mungu hazimii wala hachoki; kwa hiyo hakupumzika kwa sababu nguvu zilimwishia, na hapo tayari kuna somo kwetu sisi tunaodhani kwamba hatuna ruhusa ya kupumzika mpaka tuanguke.

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ni ya kweli kwa mkulima na kwa mwanafunzi, lakini tukiifanya kuwa theolojia yetu ya pumziko tutapotea, kwa sababu inakitanguliza kivuli kama mshahara, na kazi ya mwanadamu haina siku inayokamilika hata mshahara huo ulipwe. Angalieni mpangilio wa Mwanzo. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita, na siku yake nzima ya kwanza duniani ikawa ya saba. Alianza kwa kustarehe ndani ya kazi ambayo hakuifanya yeye, na jembe likafuata. Hata siku zenyewe za uumbaji zinahesabiwa kuanzia machweo, ikawa jioni ikawa asubuhi, kana kwamba usingizi ndio mlango wa siku. Nasi tunaposema "usiku wa kuamkia Jumapili" tunaugusa ukweli huo bila kufikiri: usiku ule tayari unaielekea siku inayokuja, nao ndio unaoibeba.

Sasa tumwendee nabii Eliya, maana kwake mambo haya yanaonekana kwa macho. Katika 1 Wafalme 18 amesimama juu ya mlima Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha, naye amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi Yezreeli. Sura inayofuata tunamkuta jangwani chini ya mretemu, kile kichaka cha nyikani, akiomba afe. "Yatosha," anasema, na sidhani kama yuko mtumishi aliyewahi kubeba mzigo wa wengine kwa muda mrefu asiyelijua neno hilo. Tungemshauri nini? Wengine wetu tungemwambia afunge siku tatu, na wengine tungemhoji kuhusu imani yake. Malaika hakufanya hata moja kati ya hayo. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Hilo la kulala tena napenda lisipitwe haraka: malaika hakumwambia kwamba amelala vya kutosha. Alimwacha, kisha akaja mara ya pili na chakula kilekile, na sababu aliyoitoa ni ya huruma tupu, kwamba safari ile ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilisubiri mpaka nabii amelala mara mbili, amekula mara mbili na kutembea siku 40 hadi Horebu. Mwenye kuujua mwili kwa sababu aliufinyanga hakuzungumza na roho ya mtu yule kana kwamba haina tumbo wala macho mazito.

Sayansi ya leo haipingani na mretemu ule. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa mwaka 2021 makadirio yao kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Madaktari wanamshauri mtu mzima asilale chini ya saa saba kwa usiku, maana ndani ya usingizi ubongo hupanga kumbukumbu na mwili hujitengeneza. Sitaongeza zaidi ya hapo, kwa sababu wengi wetu habari hizo tunazo. Tunajua kwamba tumechoka, lakini hatuamini kwamba tukiacha kwa muda mambo yatasimama salama bila sisi.

Nadhani ndiyo maana Bwana aliwafundisha Israeli pumziko kwa njia ya chakula kabla hajawapa amri yoyote pale Sinai. Katika Kutoka 16, siku ya sita waliokota mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, pishi mbili kwa kila mtu, na ile iliyobaki haikuoza wala kuingia mabuu, ilhali siku nyingine ilinuka asubuhi yake. Hata hivyo, wako waliotoka siku ya saba kwenda kuokota. Hawakuona kitu. Huwa najiuliza walikuwa wakitafuta nini jangwani asubuhi ile, chombo mkononi, wakati chakula cha siku kilikuwa hemani. Najibiwa na mkono wangu mwenyewe ninapoamka usiku wa manane na kuipapasa simu chini ya mto, nisome ujumbe ambao hauna la kunifaa kabla ya mapambazuko. Zaburi 127 inawataja wanaoamka mapema na kuchelewa kulala, wakila chakula cha taabu, kisha inasema kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Usingizi wa mwamini una ungamo ndani yake: saa hizo zote halindi chochote, na nyumba inalindwa.

Liko jambo jingine ambalo linaniuma zaidi, nalo ni namna tunavyoweza kupumzika juu ya migongo ya wengine. Amri ya nne haikuishia kwangu. Inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye malangoni, na katika Kumbukumbu la Torati 5:15 sababu inayotolewa ni utumwa wa Misri: ninyi mlikuwa watumwa kule, mkatolewa, basi msiijenge Misri nyingine nyumbani kwenu. Jumapili tunarudi kutoka ibadani, tunavua viatu, tunajinyoosha kitini na kumshukuru Mungu kwa siku ya raha, wakati msaidizi wa nyumbani ndiyo kwanza anavifikia vyombo vya asubuhi, na mama wa nyumba anasimama jikoni na nguo yake ya ibada. Huko kanisani nako, mwalimu wa kwaya amekuja tangu alfajiri, mhudumu wa watoto hajasikia mahubiri kwa miezi, na mhazini atahesabu sadaka mpaka jua lizame. Siku ya Bwana imekuwa siku yao nzito kuliko zote saba, na sisi tunawasifu kwa kujitoa kwao badala ya kuwapokea mzigo. Nasema haya nikiwa mmoja wa wanaopanga ratiba hizo.

Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti ilianzisha wiki ya siku tano ambamo viwanda havikusimama, na wafanyakazi wakagawiwa siku tofauti za kupumzika, hata mume angeweza kupumzika siku ambayo mkewe yuko kazini. Baada ya mabadiliko kadhaa, mwaka 1940 walirudi kwenye wiki ya siku saba na Jumapili yake. Pumziko la mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwa zamu yake, lilikuwepo, lakini meza ilikuwa na viti vitupu. Torati iliwapumzisha wote kwa pamoja, bwana na mtumishi chini ya jua lilelile.

Wako watakaosema kwamba Bwana Yesu hakuwa na muda huo. Hebu tusome vizuri. Katika Marko 4 amelala katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, juu ya mto wa kulalia, dhoruba ikivuma. Katika Marko 6:31, mitume waliporudi na taarifa zao za kazi, aliwaita waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa maana watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikuwepo. Ni kweli kwamba mpango ule ulivurugika: makutano waliwahi kufika kwa miguu, naye akawahurumia, akawafundisha na kuwalisha. Anayelea mtoto mchanga au kumuuguza mzazi anaijua vizuri aya hiyo. Lakini endeleeni hadi aya ya 45 na 46. Chakula kilipokwisha, aliwalazimisha wanafunzi wapande chomboni, akawaaga makutano, akaenda mlimani peke yake. Pumziko lililokatizwa mchana alilirudia jioni, wala hakulifuta kwenye siku yake.

Kwa wiki hii ninaomba kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja nyumbani au kanisani ambaye hajapumua kwa muda mrefu, aichukue kazi yake ya siku moja bila kumwachia maelekezo wala deni. Mimi nimeanza na mhazini wetu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwacha Eliya alale tena, utuguse nasi. Wanaokesha usiku huu kwa wagonjwa na kwa ulinzi, uwape mtu wa kuwapokea zamu. Amina.