Taja Shoti, Taja Fundi: Namna ya Kubishana kuhusu Muvi Kubwa

Mabishano kuhusu muvi kubwa za miaka hii huzunguka malalamiko yaleyale: CGI (picha za kompyuta) mbaya, giza tupu, hawasikiki wanachosema, ndefu mno. Yote yana ukweli ndani yake. Shida ni kwamba lawama mara nyingi humwangukia asiyehusika. Mwongozaji anatukanwa kwa kosa la ukumbi, fundi wa kompyuta anatukanwa kwa uamuzi wa studio, na mwandishi wa skripti anapita salama wakati pengine yeye ndiye aliyeharibu kila kitu. Naipenda sinema kiasi cha kutaka tuigombanie vizuri. Anayesema filamu ni mbovu ataje sini, ikiwezekana ataje shoti yenyewe, yaani kipande kimoja cha picha kati ya mkato na mkato, kisha aseme ni kazi ya nani.

Tuanze na picha za kompyuta, maana hapo ndipo watu hukosea zaidi. Ukisema "CGI mbaya" bado hujasema kitu. Jicho limekamata kosa fulani, nalo lina chanzo chake.

Kosa la kwanza ni mwanga. Mwigizaji amesimama studioni chini ya taa laini zinazomulika kutoka kila upande, halafu nyuma yake likawekwa jangwa lenye jua la saa nane mchana. Jua kali hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Tazama chini ya pua, chini ya kidevu, na pale kiatu kinapokanyaga. Chini ya soli lazima kuwe na mstari mwembamba mweusi wa kivuli. Usipokuwepo, mtu anaelea, hata kama mchanga umetengenezwa vizuri namna gani. Fundi wa kompyuta anaweza kupunguza kosa hilo, lakini kwa kazi ya fremu moja baada ya nyingine, na sekunde moja ina fremu 24, yaani picha tuli 24. Aliyekosea ni aliyepanga taa siku ya kupiga picha, au studio iliyopiga picha kabla ya kuamua sini inatokea wapi.

Kosa la pili ni uzito. Kitu kikianguka, sekunde ya kwanza hushuka kama mita 5, ikitimia ya pili kimeshuka mita 20, ya tatu mita 45. Kwa hiyo kitu kikubwa, kikitazamwa kwa mbali, lazima kionekane kinakwenda polepole. Jitu lenye urefu wa ghorofa 15 likigeuka kwa wepesi wa paka, ubongo wako hulipunguza papo hapo likawa mdoli. Hata maji yana sheria hiyo: matone yakionekana makubwa kama ndoo, meli yote inakuwa ya kuchezea bafuni.

Ndiyo maana Godzilla Minus One ya mwaka 2023 inastahili kutazamwa kwa makini na kila anayedai kwamba efekti nzuri, yaani picha za kutengenezwa kwa kompyuta, ni suala la pesa. Ilikuwa na shoti 610 za efekti zilizofanywa na timu ya watu 35 hivi, na Machi 2024 ikachukua Oscar ya efekti mbele ya filamu zilizotumia fedha nyingi mno kuliko yenyewe. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye pia aliyesimamia efekti. Fundi akimaliza shoti, mwenye kauli ya mwisho yuko palepale: hii imepita, hii rudia. Kwenye uzalishaji mkubwa wa Marekani mambo huenda kinyume. Kampuni ya efekti hupewa kazi kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo. Studio ikibadili pambano la mwisho wiki chache kabla ya filamu kutoka, kazi hurudiwa huku tarehe ya kutoka haisogei. Kinachofika kwenye skrini ni shoti ambayo haijaiva. Septemba 2023 mafundi wa efekti wa Marvel walipiga kura ya kuingia kwenye chama cha wafanyakazi cha IATSE, na hakuna hata mmoja aliyepiga kura ya kukataa. Ukiona sura ya plastiki kwenye dakika 20 za mwisho wakati dakika 20 za mwanzo zilikuwa safi, kwa kawaida unatazama ratiba iliyovurugika. Uwezo wa mafundi haukubadilika katikati ya filamu.

Kuna pia utetezi usiokubalika. The Flash (2023) ilipozomewa kwa sura za ajabu kwenye sini za kurudi nyuma katika wakati, mwongozaji Andy Muschietti alieleza kwamba picha zilipindishwa kwa makusudi, kwa kuwa tunaona jinsi steringi, shujaa mwenye kasi ya ajabu, anavyouona ulimwengu anapokimbia. Huenda ni kweli. Lakini filamu yenyewe haikumfundisha mtazamaji sheria hiyo kabla ya kuitumia. Kusudi ambalo haliko kwenye skrini halimsaidii aliyekaa kitini.

Na wale wanaosifu filamu kwa kuwa "haina kompyuta kabisa" nao wapunguze kasi. Top Gun: Maverick (2022) iliwaweka waigizaji kweli kwenye kiti cha nyuma cha ndege ya kivita ya F/A-18F, kamera sita za Sony Venice zikiwa zimefungwa ndani ya chumba cha rubani. Ile mikunjo ya mashavu ndege inapokata kona ni ya kweli, na hakuna mwigizaji anayeweza kuiigiza akiwa amekaa kwenye kiti cha studio. Lakini jeshi la majini la Marekani liliachana na ndege za kivita za F-14 mwaka 2006. Ile unayoiona ikiruka mwishoni mwa filamu ni kazi ya kompyuta, tena kazi nzuri. Inaonekana kweli kwa sababu iliwekwa kwenye shoti ambazo kamera halisi ingeweza kuzipiga, kutoka umbali halisi, ikiwa na mtikisiko halisi. Kamera inapopita katikati ya miguu ya jitu, ikaingia dirishani na kutokea upande wa pili bila kusita, hapo jicho huacha kuamini hata kama kila kitu kimepakwa rangi sawasawa.

Sasa sauti. Hili ndilo lalamiko ninalolitetea zaidi, na ndilo linalohitaji uchunguzi zaidi kabla ya kutoa hukumu.

Filamu huchanganywa sauti kwenye chumba kilichopimwa, ambako kila spika ya mbele hutoa desibeli 85 kwa sauti ya majaribio. Kwenye mashine ya ukumbi, kiwango hicho ni namba 7. Kumbi nyingi hazichezi kwenye 7. Trela na matangazo hupiga kelele, watazamaji wanalalamika, msimamizi anateremsha hadi 5, na filamu yenyewe inaanza kwenye 5 hiyohiyo. Kila namba moja hapo ni desibeli 3.3 hivi, kwa hiyo mazungumzo yameshuka karibu desibeli 7. Mlipuko bado utausikia. Mnong'ono wa mwigizaji unazama kwenye mvumo wa kiyoyozi. Jambo la kufanya ni kutoka dakika tano za mwanzo na kuomba wapandishe, si kusubiri filamu iishe ndipo uandike kwamba sauti ilikuwa mbovu.

Christopher Nolan ni suala jingine. Kwake kosa, kama ni kosa, limekusudiwa. Kamera za IMAX, zile za mikanda mikubwa ya filamu kwa skrini kubwa, zina kelele, na yeye hapendi kumrudisha mwigizaji studioni kudabu maneno yake. Anataka sauti ileile iliyotoka siku ya kupiga picha. Kwenye Tenet (2020) aliongeza juu ya hapo vinyago usoni na muziki mzito. Kuna maelezo ya njama ambayo mtazamaji anayahitaji ili afuate sini inayofuata, na hayasikiki vizuri hata ukumbi ukiwa kwenye 7. Hapo lawama ni ya mwongozaji moja kwa moja. Kwenye Oppenheimer (2023) mtindo ni uleule lakini madhara ni madogo, kwa kuwa watu wengi wamekaa mezani wanazungumza na kamera iko usoni kwao; midomo inakusaidia kusikia.

Nyumbani, kabla ya kulaumu, fanya hivi. Kama una televisheni tupu isiyo na spika za ziada, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague stereo badala ya 5.1, mfumo wa spika tano na moja ya besi. Kwenye 5.1 karibu mazungumzo yote yako kwenye spika ya katikati. Usipokuwa nayo, kifaa kinalazimika kuyagawa kushoto na kulia, na vingine huyagawa vibaya. Ukiwa na spika ya katikati, ipandishe desibeli 2 au 3 na uisogeze hadi ukingoni mwa kabati. Ikisukumwa ndani, sauti inagonga ubao wa juu na herufi kama s na f zinapotea. Kisha washa hali ya usiku, inayobana tofauti kati ya mlipuko na mnong'ono.

Giza nalo lina pande mbili. Kiwango cha mwanga kwenye skrini ya ukumbi ni niti 48 (niti ni kipimo cha mng'ao). Taa ya projekta ikizeeka mwanga unashuka, na kwa 3D unaofika jichoni mara nyingi ni theluthi moja tu ya huo, wakati mwingine pungufu. Mbaya zaidi, kuna kumbi zinazoacha kifaa cha 3D mbele ya lenzi hata zinapoonyesha filamu ya kawaida. Nyumbani, zima hali ya kuokoa umeme, zima ile programu ya kulainisha mwendo, chagua hali ya sinema, na uzime taa za chumba. Ukiona miraba midogo inachezacheza kwenye sehemu nyeusi, hiyo ni intaneti ndogo au mgandamizo wa huduma ya kustrimu. Mpigapicha hakuiweka pale.

Lakini Wicked (2024) haina kisingizio hicho. Walipanda tulipu milioni 9 za kweli, kisha rangi zikapunguzwa hadi zikafifia. Jon M. Chu alisema alitaka Oz, nchi ya kubuni ya hadithi hiyo, ionekane mahali halisi. Tazama hata hivyo ni mara ngapi jua limewekwa nyuma ya waigizaji, nyuso zikabaki bapa, na hewa yote ikawa na ukungu mweupe. Uhalisi hauhitaji ukungu. Hilo ni chaguo la mwongozaji na mpigapicha wake, na aliyelalamika alilenga penyewe.

Avatar: The Way of Water (2022) inagawa watu kwa sababu nyingine. Sini za majini na mapigano ziko kwenye fremu 48 kwa sekunde. Mazungumzo mengi yako kwenye 24, kila fremu ikionyeshwa mara mbili. Wanaosema "inafanana na gemu" wanaiona ile 48. Mimi naona chini ya maji inapendeza, kwa sababu mwendo wa kamera wa pembeni hautikisiki. Kinachokera ni kuruka kutoka 48 kwenda 24 ndani ya sini moja, shoti hii laini, inayofuata nzito. Jicho likishazoea lugha moja lisibadilishiwe katikati ya sentensi.

Kuhusu Dune: Part Two (2024), kabla hamjabishana ulizaneni mliiona wapi. Kwenye skrini ndefu ya IMAX kuna sehemu zenye uwiano wa upana kwa urefu wa 1.43 kwa 1. Kwenye ukumbi wa kawaida ni 2.39. Kwa upana uleule, wa ukumbi wa kawaida anaona takriban asilimia 60 tu ya urefu wa picha ya wa IMAX. Mmoja anasifu ukubwa wa mdudu wa mchangani na mwenzake anashangaa anasifu nini, na wote wawili wako sahihi.

Urefu sitaupa nafasi kubwa. Oppenheimer ina dakika 180 na watu walikaa. The Marvels (2023) ina 105 na ikaingiza dola milioni 206 tu. Kipimo ni kujiuliza mwisho wa kila sini: nani amejua kitu kipya, nani amepoteza kitu? Sini tatu mfululizo bila jibu, mhariri alipaswa kukata. Mapato nayo hayapimi ubora, yanapima hesabu. Kumbi hubaki na karibu nusu ya tiketi, na matangazo hayamo kwenye bajeti inayotajwa, kwa hiyo filamu ya dola milioni 200 huhitaji kama milioni 500 ndipo ipumue.

Skripti ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo iliyoibeba Maverick kuliko ndege zote. Muda mrefu kabla ya shambulio tunaonyeshwa njia: bonde jembamba, kuruka chini ya rada, kupanda mlima, kuteremka, bomu la kwanza kufungua tundu, la pili kuingia humo, kisha kupanda kwa nguvu inayoweza kumzimisha rubani. Dakika mbili na nusu. Tunaona marubani wakifeli mazoezini, mmoja baada ya mwingine, na tunajua kila mmoja amefelia wapi. Siku ya siku ikifika, hakuna anayehitaji kueleza lolote. Linganisha na pambano la mwisho ambalo adui anafungua mwale angani, dunia iko hatarini, na hujui mwale huo unafungwaje hadi mtu aupige ngumi ukafungika. Bajeti ya efekti haiwezi kuokoa sini kama hiyo.

Jaribio la mwisho ni la uhariri. Zima sauti, tazama dakika mbili za pambano, kisha chora kwenye karatasi nani alikuwa wapi. Mad Max: Fury Road (2015) ina mikato kama 2,700 ndani ya saa mbili, na bado unaweza kuchora, kwa kuwa kitu cha kutazama kimewekwa katikati ya fremu shoti baada ya shoti, na jicho halianzi kutafuta upya kila mkato. Fanya hivyohivyo na Furiosa (2024) kwenye sini ya kushambuliwa kwa lori kubwa barabarani. Halafu chagua muvi yoyote ya mashujaa uliyoipenda, uipe karatasi na kalamu ileile.